Komeo la chumba namba nne

Komeo la shilingi 3,000 lilitugombanisha mimi na shangazi siku mbili nzima. Mimi nilitaka likae upande wa ndani wa mlango. Yeye hakutaka liwepo kabisa.

"Mtu mzima ajifungie ndani, anaficha nini?" Kasimama mbele ya chumba ambacho hata mlango hakijapata, kanga kaikaza kiunoni kama anakwenda kupalilia.

Nikamwambia, shangazi, mimi miaka tisa sikuwa na mlango wa kufunga.

Akatazama pembeni kidogo. "Najua mwanangu. Na ndiyo maana siku ulipoanguka, watu walikuona."

Nikaokota mwiko nikaendelea kupiga lipu. Nilikuwa sina jibu.

Kwa mnaosoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi mwashi, Dodoma. Kwenye kiwanja alichoniachia mama ninajenga vyumba sita vidogo, kila kimoja na mlango wake, vya watu wanaoacha unga, yaani heroini, na pombe. Vitano vimekwisha, watu wamo. Mtaa siutaji, maana majirani wameshachoka kuulizwa. Itoshe kusema kwamba kwa miguu ni dakika 25 mpaka kliniki ya methadoni ya Itega, na dakika hizo ndizo zilizonifanya nikatae kuuza pale kaka yangu alipoleta mteja mwenye pesa mkononi. Tangu serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016, kiwanja Dodoma kimekuwa kama ng'ombe wa mahari, kila mtu anajua thamani yake kuliko mwenye nacho.

Asiyewahi kunywa methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, hawezi kujua uzito wa dakika 25. Kwa wengi wetu si dawa ya kufungiwa kwenye mfuko ukaenda nayo nyumbani. Unapanga foleni kila siku, iwe Jumapili, iwe Idi, iwe Krismasi. Unaitwa, unapewa kikombe, unakunywa mbele ya sista, unashushia maji, halafu anakusemesha ili aone mdomo hauna kitu. Mimi humwambia "asante sista" kwa sauti kubwa mpaka wenzangu wananicheka. Kisha kesho tena. Mimi nilianzia Mwananyamala, Dar es Salaam, mwaka 2013, na Itega ilipoanza kutoa dozi nikaomba uhamisho nikarudi kwetu. Nimekosa siku chache sana. Ninazozikosa nazikumbuka zote, kwa tarehe.

Sasa weka hapo mtu anayekaa Ihumwa, au anayelala stendi. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku, kibarua hana. Na kibarua chenyewe hakikusubiri: mji wa serikali kule Mtumba, wakati ujenzi umepamba moto, wakandarasi walitaka fundi awe saiti saa moja kamili. Nikifika saa nne na mwiko wangu nakuta nafasi yangu ina mtu. Nilipoteza kazi tatu kwa mtindo huo, na msimamizi mmoja aliponibana kwa nini nachelewa nikadanganya kwamba nauguza mzazi. Mama alikuwa ameshafariki.

Ila kilichonisukuma kujenga si foleni. Ni baada ya foleni. Dozi unainywa saa mbili. Saa tatu umerudi maskani kwa sababu huna pengine pa kukaa. Pale pale ulipokuwa unabwia, kwenye jiwe lile lile, na pusha yule yule anakusalimia kwa jina. Nimeona watu wana miezi minane ya methadoni wakadondokea hapo, si kwa arosto, yale maumivu ya kukosa dozi, bali kwa upweke na jua.

Na mimi mwenyewe nilipitia nyumba ya upataji nafuu, wanakokaa watu wanaoacha unga, kabla ya methadoni. Jina silitaji. Tulikuwa wanaume zaidi ya thelathini chumba kimoja, magodoro yamegusana, hata kujigeuza mnajigeuza pamoja. Siilaani, ilinitoa kaburini. Miezi minne nikatoka msafi kabisa. Wiki ya pili nikarudi kwenye kete, nikapiga kipimo changu cha zamani, na hapo ndipo nilipoanguka, mbele ya genge la chipsi, Magomeni. Mwili unakuwa umesahau. Kile ulichokuwa unapiga asubuhi ili usimame tu, baada ya miezi minne kinakuzima. Hilo kila teja analijua kwa mdomo. Kwa mkono hakuna anayelijua mpaka siku hiyo.

Hayo ndiyo shangazi aliyokuwa akiyasema kuhusu mlango.

Basi, vyumba. Kila kimoja ni mita 3 kwa 3 kwa ndani, na kibaraza cha kuweka jiko. Mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma akanionyesha kwenye simu kijiji cha Marekani kinaitwa Quixote Village, mji wa Olympia, jimbo la Washington: vijumba 30 vya watu waliokuwa wanalala kwenye mahema, vilifunguliwa mwaka 2013, kila kimoja futi za mraba 144. Wanaviita vidogo mno. Nikapiga hesabu: 144 ni futi 12 kwa 12. Nikacheka mpaka mpwa akaudhika. Chumba cha kupanga Chang'ombe ya hapa Dodoma ni futi 10 kwa 10 na kina baba, mama, watoto watatu na friji. Kwa hiyo sina kitu kipya ninachojenga, najenga chumba cha kawaida cha Dodoma, ila anakaa mtu mmoja.

Matofali tunafyatua wenyewe, yale ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, kwa mashine ya mkono ya kuazima. Uzuri wake kozi zinapandana bila udongo wa kuungia, na hayachomwi, kwa hiyo hukati mti. Na nchi hii miti yenyewe iko wapi. Mfuko mmoja wa saruji ulitupa matofali kama 60, chumba kimoja kikala 900 na ushee. Kilichonipa raha ni kufundisha. Unachekecha udongo, unachanganya, unamwaga maji taratibu. Halafu unaokota konzi moja unaifinyanga iwe kama donge la ugali, unanyoosha mkono usawa wa bega, unaachia. Likitawanyika vumbi, maji hayatoshi. Likitua bapa kama kinyesi cha ng'ombe, umezidisha. Likivunjika vipande vinne au vitano, pakia kwenye mashine. Kijana mmoja wa Kondoa, ambaye mikono ilikuwa bado inamtetemeka, alidondosha madonge asubuhi nzima. Hataki kufyatua, anataka kudondosha tu. Nilimwacha. Mchana akaniita, "Fundi, njoo uone, manne," na kweli yalikuwa manne.

Shida ni kuyamwagilia. Tofali likikauka haraka linakuwa biskuti, na upepo wetu wa kiangazi unanyonya maji kabla hujamaliza kumwaga. Wiki ya kwanza tuliyafunika na turubai bovu, tukapoteza matofali kama 200. Nilipiga kelele siku hiyo kwa maneno ambayo shangazi alinitaka niyafute kwa kwenda kanisani.

Upepo huo huo ndio ulioezua chumba cha kwanza, mwezi wa nane. Kosa langu mwenyewe, sitafuti mchawi. Nilikuwa na haraka, nikagongelea kenchi za paa juu ya mkanda wa zege kwa misumari tu, sikuacha vichwa vya nondo vya kuzifungia. Saa kumi jioni vumbi likaja kutoka upande wa Kizota, bati nne zikaondoka na papi zake, moja ikatua kwenye mchicha wa jirani. Nilikwenda kuifuata nikiwa nimeinamisha kichwa. Si kwa sababu ya mchicha. Mwaka 2006 nilikuja kutoka Dar nikamkuta mama yuko shamba, nikang'oa bati sita za jiko lake nikaziuza Sabasaba. Masika yale mama alipikia chini ya nailoni. Hakunishtaki kwa mtu. Nimezeeka nalo hilo, na kila nikibeba bati begani nasikia mlio wake ule wa kuyumba, nahisi mtaa mzima unanitazama.

Sasa hivi kila kenchi imefungwa kwa nondo. Na nimenyanyua paa juu kuliko vyumba vya kawaida, nikaacha matundu ya hewa pande mbili, maana methadoni inatoa jasho. Watu hawalizungumzii hili. Unaamka shuka limelowa kama umenyeshewa, na juu yako bati linawaka. Silingi tumeshona sandarusi za saruji, tukazipaka chokaa. Methadoni pia inafunga tumbo, ndiyo maana choo nilikijenga vizuri kuliko vyumba, na ndiyo maana shangazi anatupikia mlenda karibu kila siku. Vijana wa Pwani mwanzo walisusa. Wiki ya tatu wanagombania sufuria.

Gharama: chumba cha kwanza, pamoja na kuezeka mara mbili, kilikula shilingi 2,100,000. Cha nne kilishuka mpaka 1,700,000. Pesa ilitoka kwenye nusu eka ya zabibu ya mama kule Hombolo, nilimuuzia kaka, na bei aliyonipa ni ya undugu, yaani ndogo. Anayekaa analipa shilingi 15,000 kwa mwezi kuanzia mwezi wa nne. Miezi mitatu ya kwanza analipa kwa kufyatua.

Nimeruka mkutano wa mtaa. Ulikuwepo, ulikuwa mrefu, na lililosemwa ni lile lile mnalolijua: mnatuletea mateja. Mwenyekiti aliniuliza mbele ya watu, "Ndugu, hawa wakiiba nani atalipa?" Nikasema mimi. Ikaandikwa, nikasaini. Mpaka leo nimelipa ndoo moja na kuku wawili, na kuhusu kuku nina mashaka na paka.

Turudi kwenye komeo.

Mwanzoni ramani yangu ilikuwa vyumba vitawanyike, kila kimoja kiangalie upande wake, mtu apate faragha. Shangazi ndiye aliyeivuruga. Yeye alizaliwa kwenye tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo, akaishi humo mpaka Operesheni Dodoma ya 1971 ilipowahamishia kijiji cha ujamaa, na hajawahi kuisamehe ile hamahama. "Tukapangwa barabarani kama viti vya kanisani," husema, "kila mtu anamtazama mwenzie kisogo." Kwenye tembe vyumba vinazunguka ua, milango inaangalia ndani, ng'ombe katikati. Akaichora chini kwa kijiti. Mtu akichelewa kutoka asubuhi, alisema, hakuna haja ya kuuliza, mlango wenyewe umeshasema. Nikachukua kamba nikapima upya. Vyumba vitano na nyumba yake vikaunda kama herufi U, ua katikati na mwembe mmoja ambao bado haujui kama utaishi. Chumba kinachopakana na nyumba yake ni cha dada mmoja na mtoto wake. Yeye ni wa pombe. Wa pombe hawana kikombe cha kunywa asubuhi, methadoni ni ya heroini na jamaa zake tu. Viroba, ile pombe kali ya vifuko, vilipigwa marufuku Machi 2017, wanywaji wakahamia kwenye vichupa. Yeye anaamka, anafagia ua mzima, anafagia tena. Ndiyo dozi yake hiyo.

Kwa hiyo kuhusu ua shangazi alishinda, na mimi nikang'ang'ania komeo. Nilimwambia mtu aliyelala barazani miaka tisa, anayeamshwa kwa teke la mlinzi, akipata chumba bila komeo bado yuko barazani. Alikubali nusu. Tukaenda kwa fundi wa vyuma pale Majengo, tukamweleza, akatutengenezea komeo ambalo kwa ndani unalizungusha kwa mkono, na kwa nje lina kichwa chenye mfereji. Ukiingiza sarafu ya shilingi 200 ukazungusha, linafunguka.

Na mlango unafunguka kwa nje. Hilo lilikuwa langu. Kuna rafiki yangu alifia chooni, Kinondoni. Tulikuwa watatu tunasukuma mlango, na kilichokuwa kinauzuia ni mgongo wake. Tulisukuma muda gani sijui. Seremala niliyempa kazi hapa anasema mlango wa chumba cha kulala haufunguki kwa nje, ni ushamba, mvua itauharibu, wezi watang'oa bawaba. Yote kweli. Nikamwambia afunge hivyo hivyo.

Mwezi wa tano kijana wa Kondoa alikwenda kwao kuzika. Alisema siku tatu, msiba ukageuka kesi ya shamba, akakaa siku 11 bila dozi na bila kuwaambia wa kliniki. Ukikosa siku zote hizo huwezi kurudi ukapewa kiasi chako cha jana; wanakuanzisha chini, upande pole pole. Aliijua hiyo. Aliona aibu, na arosto ilikuwa inamla. Alishuka kwenye basi akapitia kwingine kwanza. Aliingia usiku, tulisikia mlango.

Saa moja asubuhi shangazi alikuwa anapepeta mtama. Milango minne wazi. Hakuniita mimi. Alitoa sarafu kwenye pindo la kanga, nilikuwa sijui kama anatembea nayo, akazungusha, akavuta. Ndipo akapiga yowe.

Kijana alikuwa anakoroma. Watu wengi wakisikia mkoromo huona mtu kalala fofofo, wanamwacha. Ule si usingizi, ni koo linaziba: mkoromo mmoja, kimya, unahesabu mpaka kumi, mkoromo mwingine. Midomo imekuwa rangi ya majivu. Nikamwinua kidevu, nikampulizia, nikampulizia. Dada wa chumba cha kwanza alikuwa ameshasimamisha bajaji barabarani, na ndani ya ile bajaji tulimlaza ubavu, kichwa mapajani kwangu, nampulizia kila akinyamaza huku dereva anapiga honi tangu tulipotoka mpaka getini. Wakamchoma naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini. Akafumbua macho kama mtu aliyemwagiwa maji, akanitazama, akaniuliza nani amefungua mlango wake.

Jioni tulikaa uani kuamua. Wawili walisema aondoke. Si roho mbaya, wana hoja: aliyebwia chumba cha pili anavuta na wa chumba cha tatu. Mpwa akatuambia Marekani wapo wanaofanya hivyo hivyo, nyumba zinaitwa Oxford House, tangu 1975, wakazi wanajiongoza na anayerudia wanampigia kura anatoka. Na wapo wengine, walianzia New York mwaka 1992, wao wanampa mtu nyumba kwanza bila sharti la kuacha, mengine baadaye. Kwa hiyo hata wenye pesa hawajakubaliana. Mimi nilifikiria jiwe lile la maskani, nikasema abaki. Dada wa chumba cha kwanza akasema abaki, ila asimkaribie mtoto wake mpaka aseme yeye. Shangazi hakupiga kura. Alisema chakula kinapoa.

Kijana alirudi siku ya nne. Kliniki wakamwanzisha chini kama alivyojua, kwa hiyo wiki mbili alikuwa nusu mgonjwa, anakaa chini ya mwembe na blanketi kwenye jua la saa sita, pua zinamtoka. Hakuna aliyemsemesha sana. Siku moja nikamkuta ana ndoo ya udongo miguuni, anafinyanga, anadondosha.

Tunafyatua na ya chumba namba saba, cha nyongeza, kama kaka atamalizia deni. Chumba namba sita kimeshapigwa lipu, mlango wake bado uko kwa seremala. Jana amenipigia simu kuuliza, mara ya tatu sasa, kama nina uhakika unafunguka kwa nje.